Mpira wa kikapu wa vyuo Marekani: Nani anakaa karibu na uwanja?

JUMATANO ya Februari 20, 2019, watu 9,314 walijibana katika ukumbi wa Cameron, mjini Durham katika jimbo la North Carolina, kutazama timu ya Chuo Kikuu cha Duke ikipambana na jirani zao wa Chuo Kikuu cha North Carolina. Miongoni mwao alikuwamo Rais mstaafu Barack Obama. Kabla dakika ya kwanza haijaisha, kiatu cha nyota wa Duke, Zion Williamson, kilipasuka, akaanguka na kuumia goti, na hakurejea tena uwanjani usiku huo.

Siku tatu baadaye Duke ilisafiri hadi Syracuse, jimbo la New York. Williamson hakucheza. Hata hivyo watu 35,642 walihesabiwa kuwa wamehudhuria, na idadi hiyo ikawa rekodi kwa mchezo wa kikapu uliochezwa katika ukumbi ulio ndani ya eneo la chuo. Tiketi zilikuwa zimekwisha kununuliwa kabla ya kiatu kile kupasuka.

Jambo la kuzingatia ni kwamba Duke ilifungwa nyumbani, mbele ya mashabiki wake wanaosifika kwa kelele nchini kote, kwa pointi 88 kwa 72. Ugenini, mbele ya umati uliozidi ule karibu mara nne, ilishinda kwa 75 dhidi ya 65. Kwa hiyo anayetaka kujua thamani ya mashabiki katika mchezo huu hawezi kutosheka na hesabu ya vichwa. Hana budi kuuliza ni akina nani waliokaa kwenye viti hivyo, na walikaa umbali gani kutoka mahali mpira unapodundwa.

Nchini Marekani, mpira wa kikapu wa vyuo si michezo ya wanafunzi tu kama ijulikanavyo kwetu. Ni ligi kubwa zenye televisheni, makocha wanaolipwa mamilioni ya dola na kumbi zinazoshinda kwa ukubwa kumbi za timu nyingi za kulipwa za Ulaya. Chama cha Kitaifa cha Michezo ya Vyuo, NCAA, kina vyuo takriban 360 katika daraja lake la kwanza. Msimu huanza Novemba na kumalizika mwanzoni mwa Aprili, na kila timu hucheza michezo ipatayo 30 kabla ya mashindano ya mtoano. Karibu nusu yake huchezwa nyumbani.

Vyuo vyenye nguvu hupenda kucheza nyumbani kwa sababu mbili zilizo wazi: mapato ya viingilio na uwezekano mkubwa wa kushinda. Ndiyo maana mwanzoni mwa msimu chuo kikubwa hukilipa chuo kidogo fedha ili kije kucheza bila kudai mchezo wa marudiano. Chuo kidogo huondoka na hundi, na mara nyingi huondoka pia na kipigo.

Kila mwaka NCAA hutoa orodha ya wastani wa mahudhurio ya nyumbani. Jina ambalo limekaa juu ya orodha hiyo miaka mingi kuliko jingine lolote ni Kentucky, ambayo huchezea katika ukumbi wa Rupp mjini Lexington. Ukumbi huo, uliofunguliwa mwaka 1976, ulipewa jina la Adolph Rupp, kocha aliyeiongoza timu hiyo kuanzia 1930 hadi 1972. Uko katikati ya mji, nje ya eneo la chuo. Katika msimu wa 2009-10 wastani wa Kentucky ulipita watu 24,000 kwa mchezo.

Mpinzani wa Kentucky kwa miaka mingi amekuwa Syracuse, ambayo hucheza ndani ya kuba kubwa lililofunguliwa mwaka 1980 na ambalo hutumika pia kwa soka la Kimarekani. Katika msimu wa 1989-90 wastani wa Syracuse ulikaribia watu 30,000.

Idadi hizo zisimpotoshe msomaji. Kufikia mwisho wa muongo wa 2010, wastani wa daraja zima la kwanza kwa wanaume ulikuwa chini ya watu 5,000 kwa mchezo. Vyuo vichache hujaza kumbi kubwa, na vilivyo vingi huchezea katika kumbi za kawaida ambazo hazijai ila anapokuja mgeni mashuhuri.

Tena idadi inayotangazwa si lazima iwe idadi ya watu walioketi. Vyuo vingi hutangaza tiketi zilizouzwa au kutolewa, bila kujali zilizopita langoni. Mtu aliyenunua tiketi ya msimu mzima huhesabiwa kuwa amehudhuria hata kama theluji ya Januari imemfungia nyumbani. Ndiyo sababu mtazamaji wa televisheni huweza kuona safu nzima za viti vitupu wakati mtangazaji anasema ukumbi umejaa.

Tofauti kati ya kujaa na kuwa na uhai inaonekana vizuri zaidi katika vyuo viwili vilivyotajwa mwanzo, Duke na North Carolina, ambavyo vimetenganishwa na barabara isiyozidi kilomita 16 au hivi. Historia imevipatia hata mwaka mmoja wa kulinganishia, yaani 1986.

Januari 18 mwaka huo, North Carolina ilizindua ukumbi mpya mjini Chapel Hill, uliopewa jina la kocha wake aliyekuwa bado kazini, Dean Smith. Uligharimu takriban dola milioni 34, fedha zilizochangwa na watu binafsi, na una nafasi zaidi ya 21,000. Timu ilikuwa imetoka katika ukumbi wa Carmichael, wenye nafasi zipatazo 10,000 na kelele za kutisha wageni. Mchezo wa ufunguzi ulikuwa dhidi ya Duke, na wenyeji walishinda kwa 95 dhidi ya 92.

Wiki chache baadaye, North Carolina ilipokuwa ikitarajiwa Durham kwa marudiano, kundi dogo la wanafunzi wa Duke walipiga mahema nje ya ukumbi wa Cameron siku kadhaa kabla ya mchezo, ili wawe wa kwanza kuingia. Mahema hayo yakageuka desturi. Kila mwaka, katika baridi ya Januari na Februari, kiwanja hicho hugeuka kijiji cha mahema kiitwacho Krzyzewskiville, kwa jina la kocha Mike Krzyzewski aliyeifundisha Duke kuanzia 1980 hadi 2022. Kijiji kina kanuni zake zilizoandikwa, na wanafunzi maalumu hupita usiku kuhakiki kwamba wenye mahema wamo.

Ukumbi wenyewe ulifunguliwa Januari 6, 1940, na haujapanuliwa kufikia ukubwa wa kumbi za siku hizi. Wanafunzi wa Duke huingia bila kulipa kiingilio na hupewa eneo la chini, kandokando ya uwanja, ambako husimama mchezo mzima. Wafadhili waliotoa maelfu ya dola hukaa juu yao. Mchezaji mgeni anayerusha mpira kutoka nje ya mstari huwa na nyuso zilizopakwa rangi ya buluu nyuma ya mgongo wake, karibu kiasi cha kumgusa. Tangu Novemba 1990, ukiacha msimu wa ugonjwa wa korona, tiketi za ukumbi huo zimekuwa zikiisha kila mchezo.

Kule Chapel Hill mpangilio ulikuwa kinyume. Waliochangia ujenzi walipewa haki ya viti vya chini, na wanafunzi wengi wakajikuta juu, mbali na uwanja. Desemba 1991, mchezaji wa Florida State, Sam Cassell, baada ya timu yake kushinda humo, aliwaita mashabiki wale umati wa divai na jibini. Kauli hiyo iliwauma wenyeji, nao wameikumbuka kwa zaidi ya miaka 30, pengine kwa sababu haikuwa mbali na ukweli. Baadaye chuo kilitenga jukwaa la wanafunzi wanaosimama nyuma ya kikapu kimojawapo, lakini sehemu kubwa ya viti vya chini ilibaki mikononi mwa wafadhili.

Haingekuwa haki kuwalaumu wafadhili hao. Bila wao ukumbi usingejengwa. Ila chuo kilipouza ukaribu, kiliuza pia sehemu ya kelele, na kelele haikuwa imeandikwa katika mkataba wowote.

Mfano wa tatu ni Kansas, mji wa Lawrence. Huko ndiko alikofundisha James Naismith, aliyebuni mpira wa kikapu mwaka 1891 akiwa Springfield, jimbo la Massachusetts, na ambaye alikuwa kocha wa kwanza wa Kansas kuanzia 1898. Ukumbi wa Allen ulifunguliwa Machi 1, 1955, na kwa miongo mingi ulichukua watu wapatao 16,300. Tiketi zake zimekuwa zikiisha tangu 2001. Februari 13, 2017, katika mchezo dhidi ya West Virginia, kelele za mashabiki zilipimwa na kufikia desibeli 130.4, nazo zikaandikwa katika rekodi za dunia za Guinness kwa umati wa ndani ya ukumbi. Huu ni ukumbi mkubwa, lakini umejengwa kwa mtindo wa zamani wa mabenchi yaliyosogea hadi uwanjani, na wanafunzi hawakuondolewa humo.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, suala la nyumbani ni wapi lina mfano wake wa karibu. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21, aliichezea Chuo Kikuu cha Connecticut kuanzia 2006 hadi 2009, kisha akachaguliwa wa pili kati ya wachezaji wapya wote wa NBA na kwenda Memphis. Mashabiki wa chuo hicho walimwona katika nyumba mbili.

Ya kwanza ni ukumbi wa Gampel, uliofunguliwa mwaka 1990 ndani ya eneo la chuo huko Storrs, wenye nafasi 10,167. Ya pili ni ukumbi mkubwa wa mji wa Hartford, makao makuu ya jimbo, wenye nafasi takriban 16,000. Storrs ni mji mdogo wa mashambani, na kutoka huko hadi Hartford ni mwendo wa kilomita 40 hivi. Kwa mpango huo mashabiki wa mjini hupata timu yao na chuo huuza tiketi zaidi, wakati mwanafunzi anayetaka kwenda Hartford hana budi kupanda basi usiku wa baridi.

Ukumbi wa Hartford una kisa chake. Alfajiri ya Januari 18, 1978, paa lake lililemewa na theluji na kuporomoka. Saa chache tu zilizotangulia, watu wapatao 5,000 walikuwa wameketi chini ya paa hilo wakitazama timu ya Connecticut. Hakuna aliyepoteza maisha. Ukumbi ulijengwa upya.

Humo ndimo Thabeet alimopata moja ya siku zake ngumu zaidi. Februari 16, 2009, Connecticut ikiwa ya kwanza kwa ubora nchini, Pittsburgh iliifuata Hartford na kuifunga 76 kwa 68. DeJuan Blair, aliyekuwa mfupi kuliko Mtanzania huyo kwa zaidi ya sentimita 20, alimnyanyua na kumwangusha katika kugombea mpira, na jioni ile akafunga pointi 22. Umati wa nyumbani ulipiga kelele nyingi za hasira, lakini mipira iliyodunda ilibaki mikononi mwa Blair. Mwishoni mwa msimu wawili hao waligawana tuzo ya mchezaji bora wa ligi yao ya Big East.

Wapo wanaodhani kwamba mahudhurio hutegemea ukubwa wa chuo. Sivyo. Dayton, chuo cha Kikatoliki katika jimbo la Ohio, si miongoni mwa vyuo vikubwa, lakini ukumbi wake wa mwaka 1969, wenye nafasi zaidi ya 13,000, hujaa kwa kawaida. Creighton ya Omaha, jimbo la Nebraska, ina wanafunzi wachache zaidi, na imezoea kuvuta watu wengi kuliko idadi ya wanafunzi wake katika ukumbi wa mjini uliofunguliwa mwaka 2003. Huko Albuquerque, Chuo Kikuu cha New Mexico huchezea tangu 1966 katika ukumbi uitwao Shimo, kwa kuwa uwanja wake umechimbwa takriban mita 11 chini ya usawa wa ardhi. Miji yote hiyo mitatu haina timu ya NBA, kwa hiyo timu ya chuo imekuwa ndiyo timu ya mji, na baba humrithisha mwanawe tiketi ya msimu kama mtu anavyorithisha shamba.

Televisheni imefanya kazi mbili zinazopingana. Kituo cha ESPN, chenye makao yake Bristol, jimbo hilohilo la Connecticut, kilianza mwaka 1979, mwaka ambao pia ligi ya Big East iliundwa, na vyote viwili vilikua pamoja. Michezo iliyoonyeshwa iliwafanya watu wajue majina ya kumbi za mbali na kutamani kuziona. Lakini saa za michezo zilianza kupangwa na kituo. Mchezo unaoanza saa tatu usiku siku ya Jumanne humfaa mtazamaji wa sebuleni, wala haumfai mzazi mwenye mtoto wa shule au mwanafunzi mwenye mtihani asubuhi.

Hata Kentucky imeonja mabadiliko hayo. Ukumbi wa Rupp ulikuwa na nafasi zaidi ya 23,000. Katika ukarabati wa mwaka 2019 mabenchi mengi ya juu yaliondolewa na kuwekwa viti vyenye egemeo, na nafasi zikapungua hadi takriban 20,500. Mtu wa kawaida aliyezoea kubanana juu kwa bei nafuu alipata kiti kizuri zaidi, iwapo alikipata.

Kisha ikaja korona. Mashindano ya taifa ya mwaka 2020 yalifutwa Machi 12, na msimu wa 2020-21 ulichezwa katika kumbi tupu au zenye watu wachache. Duke ilimaliza msimu huo kwa ushindi 13 na vipigo 11, na kwa mara ya kwanza tangu 1995 haikushiriki mashindano ya taifa. Kentucky ilishinda michezo tisa tu na kupoteza 16. Kusema kwamba ukimya wa viti ndio uliowaangusha peke yake kungekuwa kurahisisha mambo, maana timu zote mbili zilitegemea vijana wa mwaka wa kwanza ambao hawakupata muda wa kutosha wa mazoezi. Lakini haikuwa rahisi kutotambua kwamba walioanguka ni wale waliozoea kubebwa na kelele kuliko wengine.

Umati uliporudi, habari kubwa zaidi ilitoka upande wa wanawake. Michezo yao ilianza kupewa haki katika vyuo kwa sheria ya mwaka 1972, na kwa muda mrefu Tennessee chini ya kocha Pat Summitt ndiyo iliyoongoza kwa watazamaji. Kuanzia msimu wa 2014-15 nafasi hiyo ilichukuliwa na South Carolina ya kocha Dawn Staley, na kwa miaka kadhaa hakuna aliyeifikia.

Halafu akatokea Caitlin Clark wa Iowa. Oktoba 15, 2023, chuo hicho kiliupeleka mchezo wa kirafiki dhidi ya DePaul katika uwanja wa wazi wa soka la Kimarekani, na watu 55,646 wakafika. Rekodi ya wanawake iliyokuwapo ilikuwa 29,619, ya fainali ya mwaka 2002 mjini San Antonio. Tiketi zote za msimu wa 2023-24 katika ukumbi wa Iowa, wenye nafasi karibu 15,000, zilimalizika kabla msimu haujaanza. Machi 3, 2024, akiwa nyumbani, Clark alivunja rekodi ya pointi 3,667 iliyokuwa ya Pete Maravich tangu 1970. Fainali ya wanawake mwaka huo ilitazamwa kwenye televisheni na watu wengi kuliko ya wanaume, jambo lisilowahi kutokea kabla.

Sasa mvutano wa viti umepata sababu mpya. Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Wachezaji wamestahili malipo hayo kwa muda mrefu. Lakini fedha hizo lazima zitoke mahali, na Tennessee ilikuwa imekwisha kutangaza mwaka 2024 kwamba itaongeza asilimia 10 kwenye tiketi za msimu za soka la Kimarekani kwa ajili hiyo. Katika kikapu, kiti chenye bei kubwa kuliko vyote ni kile kilicho kando ya uwanja, na katika baadhi ya vyuo kiti hicho kinakaliwa na mwanafunzi asiyelipa kitu.

Mwaka 2025 North Carolina yenyewe ilikuwa ikijadili ama kuukarabati ukumbi wa Dean Smith au kujenga mwingine. Mojawapo ya maeneo yaliyopendekezwa ni uwanja wa ndege wa zamani, kilomita chache kaskazini mwa kampasi. Wanaounga mkono wanataja maegesho ya magari, maduka na vyumba vya kifahari vya kukodisha. Wanaopinga wanauliza mwanafunzi asiye na gari atafikaje huko usiku, na atarudije bwenini mchezo ukimalizika karibu na saa sita.